Uislamu Huria nchini Indonesia

Uislamu huria nchini Indonesia ni mkondo wa fikra uliojitokeza mwishoni mwa miaka ya 1960 miongoni mwa vijana wasomi wa Kiislamu, hasa katika miji ya Jakarta na Yogyakarta. Wafuasi wake hawakuwahi kuwa chama kimoja wala madhehebu. Kilichowakutanisha ni msimamo kwamba mlango wa ijtihadi, yaani juhudi ya kutafuta hukumu upya kutoka kwenye dalili, uko wazi, kwamba Qurani haikuweka umbo moja la dola ambalo kila Mwislamu analazimika kulisimamisha, na kwamba hukumu nyingi za fiqhi juu ya ndoa, mirathi na wasio Waislamu zilijibu maswali ya zama zake, hivyo zinaweza kupimwa upya kwa makusudio ya sharia. Wengi wao hawakujiita huria. Jina hilo lilishika baada ya mwaka 2001, na likaja kuwa mzigo mzito kuliko fikra zenyewe.

Asili ya mjadala

Kwa miaka mingi Indonesia imehesabiwa kuwa nchi yenye Waislamu wengi kuliko nyingine zote duniani. Katika sensa ya 2010 walikuwa takriban asilimia 87 ya watu milioni 237. Hata hivyo Uislamu si dini ya dola. Rasimu ya utangulizi wa katiba iliyokubaliwa tarehe 22 Juni 1945, maarufu kama Hati ya Jakarta, ilikuwa na kifungu cha maneno saba ya Kiindonesia kilichowawajibisha Waislamu kufuata sharia. Tarehe 18 Agosti, siku moja tu baada ya uhuru kutangazwa, maneno hayo yalifutwa kwa kuhofia kwamba maeneo ya mashariki yenye Wakristo wengi yangejitenga. Ilibaki Pancasila, misingi mitano ya taifa, na wa kwanza wake ni kumwamini Mungu Mmoja bila kutaja dini yoyote.

Kwa Waislamu wa siasa, maneno saba yaliyofutwa yalikuwa deni. Walilidai katika uchaguzi wa 1955, ambapo vyama vyao vyote kwa pamoja havikufikisha nusu ya kura, na wakalidai tena katika bunge la katiba, lililobishana mpaka Rais Sukarno akalivunja Julai 1959. Mwaka uliofuata Masyumi, chama kikuu cha Waislamu wa mrengo wa mageuzi, kilipigwa marufuku. Jenerali Suharto aliposhika madaraka baada ya Sukarno, wazee wa Masyumi walitarajia kurudi uwanjani. Jeshi likawakatalia.

Nje ya vyama zilikuwapo jumuiya mbili zilizogawana umma. Muhammadiyah, iliyoanzishwa Yogyakarta mwaka 1912, ilifuata mwito wa Muhammad Abduh wa Misri: kurudi kwenye Qurani na Hadithi, kuacha taqlidi (kufuata kauli za wanazuoni bila kuhoji), kujenga shule na hospitali. Nahdlatul Ulama, kwa kifupi NU, iliundwa Surabaya mwaka 1926 na masheikh waliotaka kuyalinda madhehebu ya Shafi, maulidi na ziara za makaburi. Ngome ya NU ni pesantren, vyuo vya bweni vinavyoongozwa na sheikh aitwaye kiai. Msomaji wa pwani ya Afrika Mashariki asingejiona mgeni humo: Safinatun-Najaa, kijitabu cha fiqhi kinachosomeshwa vyuoni Lamu na Unguja, husomeshwa pia Java, na mwandishi wake, Salim bin Sumeir wa Hadhramaut, alifia Batavia, ambayo leo ndiyo Jakarta.

Mtu angetazamia kwamba fikra huria zingezaliwa Muhammadiyah, kwa watu waliojitambulisha kwa mageuzi. Kwa sehemu kubwa haikuwa hivyo. Vijana wa pesantren walilelewa na vitabu vyenye kauli nyingi zinazopingana juu ya suala moja, kila moja na dalili yake, na walijua namna ya kuhama kauli moja kwenda nyingine bila kutoka nje ya dini. Aliyefunzwa kwamba kauli za wanazuoni si kitu mbele ya aya na hadithi alibaki na mahali pachache pa kugeukia aya ilipomtatiza.

Nurcholish Madjid na hotuba ya 1970

Nurcholish Madjid alizaliwa Jombang, Java Mashariki, mwaka 1939. Baba yake, mtu wa malezi ya NU, alibaki Masyumi wakati NU ilipojitoa katika chama hicho mwaka 1952, na mwanawe akakejeliwa kwa hilo na wenzake wa pesantren hadi akahamishiwa Gontor, chuo ambacho wanafunzi huzungumza Kiarabu na Kiingereza hata bwenini. Kuanzia 1966 hadi 1971 aliongoza kwa vipindi viwili HMI, chama cha wanafunzi wa Kiislamu wa vyuo vikuu. Wazee wa Masyumi walimwona mrithi wao, wakawa wanamwita Natsir kijana, kwa jina la kiongozi wao Mohammad Natsir.

Mapema Januari 1970, mbele ya vijana wa jumuiya kadhaa mjini Jakarta, mrithi huyo aliwapa mgongo. Kaulimbiu yake ilikuwa Uislamu ndiyo, chama cha Kiislamu hapana. Hoja yake aliijenga juu ya tauhidi: ikiwa Mungu peke yake ndiye mtakatifu, basi chama na dola ni mambo ya kidunia, na anayeyapa utakatifu anaukaribia ushirikina. Kuyarudisha mambo hayo mahali pake pa kidunia alikuita sekularisasi, akasisitiza kwamba si sawa na usekulari, yaani itikadi ya kuiondoa dini katika maisha. Tofauti hiyo wasikilizaji wengi hawakuisikia. H. M. Rasjidi, waziri wa kwanza wa dini wa Indonesia na msomi wa Cairo na Sorbonne, alimjibu kwa kitabu kizima mwaka 1972, akimlaumu kwa kulichukua neno lenye historia nzito Ulaya na kulipa maana aitakayo. Katika hilo Rasjidi hakuwa na makosa. Nurcholish mwenyewe alikuja kukiri kwamba hotuba ile ilikuwa kosa la mbinu, ingawa hoja yenyewe hakuirudisha nyuma.

Lawama nyingine ilihusu siasa. Suharto alitaka vyama vya Kiislamu vidhoofike, na mwaka 1973 vyote vinne vilishinikizwa kuungana kuwa kimoja, PPP. Hotuba ya 1970 ilionekana kumtengenezea njia. Kwamba ilimfaa ni kweli. Kwamba ilisemwa kwa ajili yake ni vigumu kulitetea, kwani Nurcholish ni miongoni mwa viongozi tisa wa Kiislamu waliokutana na Suharto ikulu tarehe 19 Mei 1998, na ndiye aliyemweleza waziwazi kwamba mageuzi wanayoyataka wananchi maana yake ni yeye kuondoka. Suharto alijiuzulu siku mbili baadaye.

Kati ya tarehe hizo mbili ulipita muda mrefu wa kazi ya kisomi. Nurcholish alipata shahada ya uzamivu Chicago mwaka 1984 kwa tasnifu juu ya Ibn Taymiyya, chaguo lililowashangaza waliomdhania kuwa adui wa Usalafi. Mwalimu wake huko alikuwa Fazlur Rahman, msomi wa Kipakistani aliyefundisha kwamba kuifahamu Qurani kunahitaji safari mbili: ya kwanza kutoka leo kwenda zama za Mtume, ili kujua hukumu ilikusudia nini; ya pili kurudi leo na kusudio hilo, hata kama umbo la hukumu litabadilika. Aliporudi nyumbani alianzisha Paramadina mwaka 1986, taasisi iliyofanya mihadhara ya dini katika kumbi za hoteli za Jakarta kwa watu wa tabaka la kati waliokuwa na kazi nzuri na elimu ndogo ya dini. Maadui zake walidhihaki mazingira hayo ya viyoyozi, na dhihaka yao haikukosa msingi: mwanakijiji wa Java hakuwahi kuisikia Paramadina.

Wizara na vyuo

Kilichoyafikisha mawazo haya mbali na hoteli ni serikali. Wizara ya dini ilimiliki vyuo vya elimu ya juu vya Kiislamu, IAIN, nchi nzima, na kwa zaidi ya miaka 20 vyuo hivyo vilikuwa mikononi mwa watu wa mageuzi. Mukti Ali, waziri kuanzia 1971 hadi 1978, alikuwa akiwakusanya vijana nyumbani kwake Yogyakarta kujadili lolote bila kizuizi. Mmoja wao, Ahmad Wahib wa Madura, alikufa mwaka 1973 kwa kugongwa na pikipiki akiwa na umri wa miaka 30. Shajara yake, iliyochapishwa mwaka 1981, ilizua kelele kwa sababu iliandika mashaka ya kijana Mwislamu kama alivyoyapata, bila kuyapamba.

Harun Nasution aliongoza IAIN ya Jakarta kuanzia 1973 hadi 1984. Alisoma Makka na Cairo kabla ya kwenda McGill nchini Kanada, na aliamini kwamba ugonjwa wa Waislamu wa Indonesia ni kuamini majaaliwa kupita kiasi. Dawa aliyoichagua ilikuwa kuwafundisha Mu'tazila, watu wa akili na hiari, ambao kwa wanafunzi wa Kishafi walikuwa jina la upotovu tu. Kitabu chake cha utangulizi cha 1974, kinachoutazama Uislamu kutoka pande zake nyingi, kilifanywa kiada katika IAIN zote. Rasjidi alipinga tena.

Munawir Sjadzali, waziri kuanzia 1983 hadi 1993, aliwapeleka wahadhiri wengi kusoma vyuo vikuu vya Magharibi. Anakumbukwa zaidi kwa suala la mirathi. Aliona kwamba Waislamu wengi, wakiwemo masheikh wenyewe, walikuwa wakiwagawia watoto wa kike na wa kiume mali sawasawa kwa njia ya hiba wakiwa hai, ili wasije wakaangukia fungu la mbili kwa moja baada ya kufa. Akauliza ikiwa kuikwepa hukumu kwa hila ni heshima kubwa zaidi kuliko kuijadili wazi, akataja maamuzi ya Sayyidna Umar aliyeacha kutekeleza baadhi ya hukumu za wazi hali ilipobadilika. Majibu aliyoyapata yalikuwa makali. Mkusanyo wa Sheria za Kiislamu uliotolewa kwa amri ya rais mwaka 1991 kwa ajili ya mahakama za dini uliliacha fungu la mbili kwa moja lilivyo, lakini ulimruhusu mjukuu aliyefiwa na mzazi kurithi mahali pa mzazi huyo, na ukampa mtoto wa kulea wasia wa lazima usiozidi theluthi moja.

Abdurrahman Wahid

Abdurrahman Wahid, aliyejulikana kwa watu wote kama Gus Dur, alikuwa mjukuu wa Hasyim Asy'ari, mwanzilishi wa NU. Baba yake, Wahid Hasyim, alikuwa mmoja wa watu tisa waliotia saini Hati ya Jakarta. Nasaba hii ndiyo iliyompa uhuru ambao mwingine asingeupata. Alisoma Al-Azhar na Baghdad, akachaguliwa mwenyekiti wa NU katika mkutano mkuu wa Situbondo wa Desemba 1984. Mkutano huohuo uliitoa NU katika siasa za vyama na kuikubali Pancasila kuwa msingi wa jumuiya, kwa hoja za fiqhi na si kwa kuiogopa serikali pekee.

Gus Dur hakupenda nadharia ndefu. Alizungumza juu ya kuupa Uislamu uenyeji wa Java, akitaka tofauti kati ya dini na desturi ya Kiarabu ijulikane, na katika mahojiano mwaka 1987 aligusia kwamba salamu ya kienyeji inaweza kushika nafasi ya assalamu alaikum nje ya swala. Masheikh wa NU walimwita Cirebon akajieleze. Alikwenda, akajieleza, akabaki kiongozi wao. Mwaka 1991, wasomi wengi wa Kiislamu walipokuwa wakijiunga na ICMI, jumuiya iliyokuwa na baraka za Suharto, yeye alianzisha jukwaa la demokrasia pamoja na Wakristo na wasiofungamana na dini, kwa sababu aliamini kwamba kuingiza Uislamu serikalini kwa mlango wa upendeleo kungewadhuru Waislamu wenyewe.

Urais wake, kuanzia Oktoba 1999 hadi Julai 2001, ulikuwa mfupi na wa vurugu. Mwaka 2000 aliondoa marufuku ya 1967 dhidi ya sherehe za Wachina hadharani. Pendekezo lake la kuondoa marufuku ya mafundisho ya kikomunisti halikupita, na baraza kuu la wananchi likamwondoa madarakani. Alifariki tarehe 30 Desemba 2009, na kaburi lake Jombang limekuwa mahali pa ziara kama makaburi ya mawalii wa Java.

Mtandao wa 2001 na fatwa ya 2005

Baada ya Suharto kuanguka, makundi yaliyokuwa yamenyamazishwa yalitoka hadharani, ya wapiganaji wa jihadi na ya wanaodai sharia. Kuyajibu, vijana wa Jakarta waliokutana mtaa wa Utan Kayu waliunda mwaka 2001 Jaringan Islam Liberal, yaani Mtandao wa Uislamu Huria, ukijulikana kwa kifupi JIL. Mratibu wake alikuwa Ulil Abshar-Abdalla, kijana wa pesantren za NU na mkwe wa kiai mashuhuri Mustofa Bisri. Walitumia redio na magazeti, wakasema kwa sauti ya juu yale ambayo Nurcholish aliyasema kwa tanbihi.

Tarehe 18 Novemba 2002 gazeti la Kompas lilichapisha makala ya Ulil iliyodai kwamba hijabu, ndevu na kukata mkono wa mwizi ni mambo ya utamaduni wa Waarabu yasiyomlazimu Mwislamu wa mahali pengine. Kundi la maulamaa mjini Bandung lilitangaza kwamba wenye kuitukana dini namna hiyo wanastahili kuuawa. Mustofa Bisri naye alimjibu mkwewe katika gazeti lilelile: hakumkufurisha, lakini alimkemea kwa haraka na majivuno. Jibu hilo liliwakilisha hisia za masheikh wengi wa NU kuliko tangazo la Bandung.

Mwezi Julai 2005 Baraza la Maulamaa la Indonesia, MUI, lililoundwa chini ya Suharto mwaka 1975, lilitoa fatwa iliyoharamisha usekulari, upluralisti na uliberali. Upluralisti ulielezwa kuwa ni mafundisho kwamba dini zote ni sawa na hakuna mwenye haki ya kudai ukweli peke yake. Kuishi pamoja na watu wa dini nyingine hakukukatazwa. Uliberali ulielezwa kuwa ni kuzifasiri Qurani na Sunna kwa akili isiyofungwa na kuyakubali yale tu yanayoafikiana nayo. Wahusika walilalamika kwamba hakuna kati yao anayeamini mambo kama yalivyoelezwa, lakini mitaani maelezo hayakusomwa. Kilichosomwa ni kifupisho sipilis, kilichotengenezwa na wapinzani kutokana na maneno hayo matatu ili kisikike kama jina la kaswende. Mwezi mmoja baada ya fatwa, tarehe 29 Agosti, Nurcholish Madjid alifariki, akazikwa katika makaburi ya mashujaa wa taifa.

Pigo la fatwa lilikutana na udhaifu wa ndani. JIL ilipokea fedha za wakfu mmoja wa Marekani katika miaka ileile ya vita vya Afghanistan na Iraki, na hakuna maelezo yaliyoweza kulifuta doa hilo mbele ya watu wa kawaida. Machi 2011 bomu lililofichwa ndani ya kitabu lilitumwa Utan Kayu kwa jina la Ulil. Lilimlipukia polisi aliyejaribu kulitegua, akapoteza mkono. Kufikia wakati huo mtandao wenyewe ulikuwa umekwisha nguvu.

Mahakamani pia mambo hayakwenda vizuri. Gus Dur, siku zake za mwisho, alikuwa miongoni mwa walioomba sheria ya 1965 ya kukashifu dini ifutwe. Mahakama ya Katiba ililikataa ombi hilo Aprili 2010, huku Maria Farida Indrati, mwanamke pekee kati ya majaji 9, akipinga peke yake. Mwaka 2017 makosa ya kukashifu dini yalimpeleka gerezani gavana wa Jakarta, Basuki Tjahaja Purnama, Mkristo wa asili ya Kichina, baada ya maandamano makubwa.

Sheria ya ndoa na maulamaa wanawake

Historia ya upande wa sheria za familia inaonyesha wazi zaidi kuliko zote namna fikra ileile inavyoweza kufa kwa jina moja na kuishi kwa jingine. Oktoba 2004 timu ya wizara ya dini iliyoongozwa na Siti Musdah Mulia ilitoa rasimu mbadala ya Mkusanyo wa 1991. Ilipiga marufuku ndoa za mitala, ilimruhusu mwanamke mtu mzima kujiozesha bila walii, ilisawazisha mirathi, iliruhusu ndoa kati ya watu wa dini tofauti, na iliweka umri wa ndoa kuwa miaka 19 kwa wote. Yote kwa mkupuo. Waziri mpya aliifuta baada ya miezi michache.

Miaka 13 baadaye, Aprili 2017, mkutano wa maulamaa wanawake, KUPI, ulifanyika katika pesantren ya Kebon Jambu huko Cirebon, chini ya mwenyeji wake Masriyah Amva, mwanamke anayeongoza chuo hicho. Neno huria halikutajwa. Washiriki walitoka vyuoni, waliojua Kiarabu na usuli wa fiqhi, na kazi ya matayarisho ilikuwa imefanywa kwa miaka mingi na taasisi kama Rahima na Fahmina, pamoja na kiai Husein Muhammad wa Arjawinangun. Faqihuddin Abdul Kodir aliwapa kanuni ya mubadala, usomaji wa kubadilishana, unaozitafuta katika aya na hadithi zinazomsemesha mume haki na wajibu unaomhusu mke pia, na kinyume chake. KUPI ilitoa fatwa juu ya ukatili wa kingono, uharibifu wa mazingira na ndoa za utotoni, ikisema kwamba kumkinga mtoto na ndoa yenye madhara ni wajibu. Waziri wa dini alihudhuria akapokea mapendekezo yao.

Sheria ya Ndoa ya 1974 iliruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 16 na mvulana kuoa akiwa na 19. Desemba 2018 Mahakama ya Katiba iliuona utofauti huo kuwa ubaguzi, na mwaka 2019 bunge liliweka miaka 19 kwa wote wawili. Mahakama za dini zilibaki na uwezo wa kutoa ruhusa maalumu, na maombi ya ruhusa hizo yakaongezeka sana mara tu baada ya sheria kubadilika, kwa hiyo ushindi huo ni wa kwenye karatasi kwa familia nyingi za vijijini. Bado ni kipengele kilekile cha rasimu ya 2004, safari hii kikiwa sheria ya nchi.

NU nayo iliyafikia kwa njia yake mengine yaliyokuwa yakimfanya mtu aitwe mpotovu miaka 20 nyuma. Mapema 2019, katika kikao cha maulamaa wake mjini Banjar, Java Magharibi, iliamua kwamba raia asiye Mwislamu asiitwe kafiri katika mambo ya nchi, kwa kuwa vifungu vya fiqhi juu ya dhimi (aliye chini ya ulinzi wa dola ya Kiislamu) na harbi (adui wa vitani) havimhusu; yeye ni muwatin, raia. Ulil Abshar-Abdalla aligombea uenyekiti wa NU mwaka 2010 akashindwa. Baadaye alianza kusomesha mtandaoni Ihyaa ya Imamu Ghazali, kitabu cha kila pesantren, akapata wanafunzi wengi, na mwaka 2022 aliingizwa katika uongozi wa jumuiya hiyo.